Nafasi Kumi na Tisa

Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Ramani ya kichwa: duara, pua juu, masikio pembeni,
na nukta kumi na tisa, ndogo kama punje za mtama.
"Umazi," akasema, "nisuke, lakini hapa pote
uniachie ngozi tupu. Waya hazitaki nywele."

Nina miaka ishirini na miwili ya chanuo hapa Maweni.
Nimesuka maharusi, nimesuka wafiwa,
nimesuka twende kilioni kwa dakika saba, gari likipiga honi.
Sijawahi kusukia waya.

Nikapima kwa kidole. Moja ya utosi,
mbili juu ya nyusi, mbili za kisogoni
pale watoto wote huruka nikigusa.
Mistari ikapita kati yake
kama vichochoro vinavyokwepa nyumba za watu.

Nyevu hurusha mkuki.
Mazoezini, mita hamsini na nane huku anacheka.
Mbele ya watu hukanyaga mstari.
Nairobi mara tatu, bendera nyekundu mara tatu,
na bega zima, na goti zima.
Kocha alisema: kilichoteguka kiko juu ya shingo.

Basi Jumatano na Ijumaa, ghorofani juu ya duka la dawa,
kijana aitwaye Twahir humpaka jeli baridi,
humvalisha kofia ya matundu, humwambia: usifanye kitu.
Kwenye skrini kuna kishada chekundu.
Akili ikitulia, kinapaa.
Ikianza kuhesabu kodi, ada ya Mbeyu, dawa za baba,
kinaanguka puu! kwenye nyasi za kuchora.

Nilialikwa kuona. Nikatafuta uzi wa kishada. Hakuna.
"Mawimbi ya ubongo," Twahir akanionyesha mistari inayotetemeka.
"Haya ya haraka haraka ni wasiwasi.
Haya mapana ndiyo tunayoyatafuta."
Nikamwambia, mwanangu, kama ni mapana unayoyataka
njoo kwangu saa nane mchana. Nikifika mstari wa nne
shingo yake huniangukia gotini kama tikiti.
Akacheka. Halafu akaandika.

Wiki iliyofuata akaleta mashine saluni.
Sikupenda. Wateja walinyamaza kana kwamba tuko wodini.
Nikasuka. Kishada kikapanda kidogo, kikashuka,
kikapanda. Si muujiza. "Afadhali kuliko Jumatano," akasema.
Mie nikadai pesa yangu ya kusuka.

Swali langu lilikuwa jingine, nililimeza mwezi mzima:
huo wasiwasi mnaomfukuzia, unakwenda wapi?
Maana kodi haijalipwa. Baba bado anakohoa.
Nikamuuliza mwenyewe, kichwa chake kati ya magoti yangu.
"Hauendi popote," akasema. "Unakaa pale nje ya uwanja,
umenishikia viatu."

Siku stima ilipopotea nilikuwapo.
Feni ikachoka, ikasimama. Skrini ikawa nyeusi,
kishada kikaenda na anga lake.
Twahir akafyonza.
Nyevu alikuwa bado anatazama pale pale
kilipokuwa, pumzi imemteremkia tumboni,
midomo imeachana kama ya mtu anayesikiliza chumba cha pili.
Dakika ngapi? Jeli ilianza kumkauka kando ya sikio.
Twahir akanyoosha mkono amguse bega.
Nikaushika.

Mashindanoni sikwenda. Nilikuwa na bibi harusi
mwenye nywele za kumaliza siku.
Wakanipigia, simu nimeibana kwa bega: wa nne.
Mita hamsini na tisa na nukta. Bendera nyeupe mara sita.
Mara sita? nikauliza. Mara sita.
Wa nne hapewi kitu, hata soda.

Jumatatu akarudi, akaketi chini, akanipa kisogo.
Nywele zimevimba, jasho la safari limo.
"Sasa nizizibe zile nafasi?"
Akafikiri. Nilimsikia akifikiri.
"Ziache."

Nikaitafuta ya utosi kwa kidole,
nikaipata,
nikapita kando.